Hongera Zisizoombwa

Jumatatu, saa tisa na robo alasiri, mkunga aliketi sebuleni kwake na kufungua simu ili amalize jambo ambalo alilitengea dakika kumi. Mwaka huo baraza la wakunga lilikuwa limehamishia kila kitu mtandaoni. Ukitaka leseni yako iendelee, unajaza fomu kwenye tovuti yao, unapandisha picha ya cheti, unabonyeza kutuma, basi. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo jina lako linaondolewa kwenye orodha, na asiye kwenye orodha haruhusiwi kumgusa mjamzito, hata kama amezalisha nusu ya mji. Na yeye, kwa miaka yake kumi na tisa kazini, alikuwa hayuko mbali na nusu hiyo.

Aliandika anwani ya tovuti herufi kwa herufi, kwani kwa kawaida nyumbani simu yake ilikuwa ya kupigia na kupokea ujumbe tu. Ukurasa ukaanza kufunguka, ukasita, kisha ukageuka wa rangi ya chungwa. "Hongera," ukamwambia. "Wewe ni mgeni wetu wa milioni moja. Umeshinda simu." Akaufunga, akaandika tena. Safari hii ukaja mwekundu, na king'ora kikalia mkononi mwake: simu yako ina virusi kumi na tatu, bonyeza hapa kuisafisha. Akaufunga huo nao. Mara ya tatu simu ilimwonya kwamba tovuti ile haiaminiki, na alipogusa kurudi nyuma akajikuta anatazamana na mwanamke aliyevaa kidogo sana, anamwita kwa kidole.

Mwili wa mtu haukuwa kitu cha kumshtua mkunga. Kilichomkera ni dakika zake kumi. Alijaribu mpaka saa kumi na moja, akapongezwa mara tisa, na fomu hakuiona hata kwa mbali.

Dirishani alikuwa ameketi baba mkwe wake, mpima ardhi mstaafu, mtu mrefu mkavu ambaye bado alikunja gazeti kama alivyokuwa akikunja ramani. Mwanawe, mume wa mkunga, alikuwa dereva wa lori la masafa, na binti yao yuko shule ya bweni, kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa ya watu wawili tu: yeye na mzee. Walikuwa wanaelewana. Lakini kwa wiki kadhaa mkunga alikuwa ameona jambo ambalo hakulipa uzito: kila akipita karibu, mzee anaigeuza simu yake kifudifudi mapajani.

"Intaneti ya leo inasumbua, baba. Kwako je?"

"Mimi siitumii sana siku hizi," mzee akajibu, akiangalia nje.

Jumanne alipotoka kazini alipitia kwa fundi simu, kijana mwenye kioo cha kukuzia kimoja kichwani kama jicho la tatu. Fundi aliichukua simu, akaibonyezabonyeza, akatikisa kichwa.

"Hii imeingiwa, mama. Tena imeingiwa vibaya. Hapa dawa ni moja, tuirudishe ilivyotoka kiwandani."

"Na vitu vyangu?"

"Tunahifadhi kwanza. Usiwe na wasiwasi."

Baada ya saa nzima fundi akamrudishia simu iliyong'aa, tupu, ikimkaribisha kama mgeni. Wakafungua tovuti ya baraza pale pale dukani, kwa intaneti ya duka. Ikafunguka mara moja: nembo ya baraza, fomu, kitufe cha kutuma. Mkunga alijikuta anacheka peke yake. Lakini cheti kilikuwa nyumbani kabatini, na bila picha ya cheti fomu haikubali, kwa hiyo alishukuru, akaondoka haraka, akafika nyumbani, akakipiga cheti picha juu ya meza, akaandika anwani.

"Hongera," simu ikasema. "Wewe ni mgeni wetu wa milioni moja."

Akampigia fundi. Fundi akasema hapa dukani ilikuwa inafanya kazi, wewe mwenyewe umeona, labda umebonyeza kitu njiani. Mkunga akamwambia hajabonyeza kitu. Kisha, kwa kuwa alikuwa na simu mkononi, akafungua upande wa picha. Palikuwa na picha moja tu, ya cheti.

Akampigia tena. "Picha zangu ziko wapi?"

"Nilihifadhi majina, mama. Namba zote zipo, angalia."

"Sikukuuliza majina. Nimekuuliza picha."

Kwa miaka kumi na moja akina mama walikuwa wakimtumia picha za watoto aliowapokea: mtoto anakaa, mtoto ana meno mawili, mtoto kavaa sare siku ya kwanza ya shule. Wengine hakuwakumbuka sura za mama zao, ila watoto aliwajua wote. Aliyezaliwa ametanguliza miguu. Pacha aliyenyamaza dakika nne nzima kabla ya kulia. Siku ambayo kazi ilimwendea vibaya, siku ambayo mama hakurudi nyumbani, aliketi kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kuzitazama picha zile moja moja mpaka akaweza kurudi wodini. Zilikuwa zaidi ya mia nne. Hakuwa amezihifadhi mahali pengine, kwa sababu haikumjia kwamba zinaweza kuondoka.

Hakulia. Hasira ilimpanda, ikawa inatafuta mtu wa kumshukia, na mtu aliyekuwa karibu ni mmoja tu. Mzee alikuwa dirishani, simu mapajani, na mkunga aliposimama, mkono wa mzee ukaigeuza ile simu kifudifudi.

"Baba, hebu niambie," akasema. "Ni vitu gani hivyo unavyofungua humo?"

Mzee akamtazama.

"Maana kuna kitu kimeingia kwenye intaneti ya nyumba hii, na mimi sikukileta. Watu wanafungua mambo yasiyo na maana, sisi wenye kazi ndio tunaumia."

Mara tu yalipomtoka alijua amevuka mpaka. Mzee alikibonyeza kitufe cha pembeni cha simu mpaka kioo kikazimika kabisa, akaiweka mezani, akachukua mkongojo wake, akaenda chumbani. Mlango ulifungwa taratibu mno, na upole ule ulimuuma mkunga kuliko kama ungebamizwa.

Jumatano mzee alitoka kuchukua chakula, akasema asante, akarudi nacho chumbani. Mkunga naye hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akaanzia kwenye kompyuta. Alitoa kabatini ile ya zamani ya mume wake, ambayo hakuna aliyeigusa tangu mwaka uliopita, akaifuta vumbi, akaiwasha, akasubiri ijivute mpaka iamke. Akafungua tovuti. "Hongera," kompyuta ikasema, kwa herufi kubwa zaidi.

Akampigia mume wake. Kulikuwa na kelele za injini.

"Umebonyeza nini?" mume akauliza.

"Kwa nini kila mtu ananiuliza nimebonyeza nini?"

"Nauliza tu. Wapigie kampuni ya intaneti."

Akawapigia. Kwa lugha yako bonyeza moja. Kwa matatizo ya mtandao bonyeza nne. Kisha muziki, kinanda kimoja kinachorudia sauti zile zile kama mtu aliyesahau anachotaka kusema. Alipika, akala, akaosha vyombo, na kinanda kiko begani. Baada ya dakika arobaini akapokea kijana mwenye sauti ya usingizi, akamwambia azime ruta, ahesabu mpaka thelathini, awashe.

"Nimeshafanya hivyo mara sita."

"Jaribu mara moja zaidi, mama."

Akahesabu mpaka thelathini kwa sauti, makusudi, kijana asikie. Akawasha. Hongera. Alipotaka kumweleza kijana, simu ilikuwa imekatika. Mkunga aliiweka chini, akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mzee alikuja mpaka katikati ya sebule, akasimama. Ilikuwa wazi kwamba alichotaka kusema alikuwa amekipanga kwa muda mrefu, na sasa mpango umemtoroka.

"Mwanangu," akaanza. "Hicho kinachokusumbua. Hao wa hongera. Wanakuja na ukurasa mwekundu, wa king'ora?"

"Ndiyo, baba."

"Na... wengine?"

Mkunga akaelewa. "Na wengine pia, baba. Wasiovaa."

Mzee akashusha pumzi, akaketi. "Wiki tatu," akasema. "Nafungua gazeti, wanatokea wao. Nafungua hali ya hewa, wao. Nilidhani nimebonyeza kitu. Nikawa najiuliza, mtu wa umri wangu, nimebonyeza nini? Ningekuja kukuambiaje, wewe mkwe wangu? Nikawa naigeuza simu, usije ukaona ukanifikiria vingine. Hao wasiovaa walikuwa wanasema wako kilomita mbili kutoka hapa. Mji huu nimeupima wote kwa mnyororo, najua kila kilichoko kilomita mbili kutoka hapa. Ni kiwanda cha matofali. Lakini hata hivyo, mwanangu, niliacha kwenda dukani, nisije nikakutana nao."

Mkunga alitaka kucheka na alitaka kuzama ardhini, vyote kwa pamoja, na kwa hiyo hakufanya hata kimoja. Akili yake ilikuwa imeshaondoka kwenda mahali pengine. Wodini, mama mmoja akipata homa, unamwangalia mama. Wakipata homa watatu waliolala chumba kimoja, huwaangalii tena akina mama; unaangalia bomba, beseni, mikono ya wahudumu. Simu yake, simu ya mzee, kompyuta iliyolala kabatini mwaka mzima. Dukani kwa fundi hakukuwa na shida.

"Baba, washa simu yako. Tutoke nje."

Nyumba yao ilikuwa bondeni, simu za kupiga zilipita, lakini data ilishika tu ukipanda mpaka barabarani. Wakapanda, mzee na mkongojo wake, mkunga akiwa peku bila kujijua. Pale juu wakazima waifai, wakawasha data. Gazeti la mzee likafunguka. Tovuti ya baraza ikafunguka. Mkunga alijaribu kutuma fomu pale pale, amesimama kwenye vumbi, lakini mtandao ulikuwa mwembamba. Picha ya cheti ilipanda mpaka asilimia arobaini, ikakwama, na ukurasa ukamtoa nje. Akajaribu mara tatu. Hata hivyo alirudi na jambo moja mkononi. Kilichokuwa kinaumwa ni ruta, kile kisanduku cheupe ukutani ambacho hakuna aliyewahi kukishuku tangu kifungwe.

Alhamisi, wakati wa chai kazini, alimfuata mwanamke anayetunza kompyuta za hospitali, mwembamba, mwenye maneno machache, ambaye watu wote walimwita Waya. Waya alisikiliza mpaka mwisho, na hakuuliza amebonyeza nini.

"Ukiandika jina la tovuti, simu haijui iko wapi," akasema. "Inaiuliza ruta. Ruta nayo inauliza kwenye daftari la anwani huko nje. Mtu amebadilisha ruta yako iwe inauliza daftari lake. Unalitafuta baraza, unaelekezwa kwa mhuni. Neno la siri la ruta ni lipi?"

"La waifai?"

"Hapana. La kuingilia ndani ya ruta yenyewe."

Mkunga hakujua kama kuna kitu kama hicho. Waya akatikisa kichwa pole pole. Lile ililotoka nalo kiwandani, basi, akasema, na hayo wahuni wanayo yote kwenye orodha. Akamwandikia hatua kwenye karatasi. Akamuuliza pia kama aliwahi kuandika neno lake la siri la baraza kwenye ukurasa wowote pale nyumbani. Mkunga akasema hapana, hakuwahi kufika mbali hivyo. Kuhusu picha, Waya aliichukua simu, akaunganisha waya, akatafuta kwa nusu saa, akairudisha.

"Zimekwenda. Pole."

Kazini intaneti ilikuwa ya mifumo ya hospitali tu, data ilikuwa nyembamba huko nako, na kwa fundi hakutaka kurudi, kwa hiyo alasiri hiyo mkunga aliingia ndani ya ruta kwa mara ya kwanza. Jina na neno la siri vilikuwa neno lile lile moja, limechapwa chini ya kisanduku mtu yeyote asome. Akafika kwenye ukurasa wa mipangilio, na pale ambapo kwa karatasi ya Waya palitakiwa kuandikwa "moja kwa moja" pakawa na mistari miwili ya tarakimu ambazo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeziandika. Alizitazama kwa muda. Ilikuwa kama kukuta nyayo za mtu asiyemjua jikoni kwake. Akazifuta, akahifadhi, akazima simu na kuiwasha. Tovuti ya baraza ikafunguka. Akajaza fomu yote, akabonyeza kutuma, na tovuti ikamjibu kwamba watumiaji ni wengi mno, tafadhali jaribu kesho.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Saa mbili asubuhi akafungua tovuti.

"Hongera."

Alisonya kwa nguvu kiasi kwamba mzee akatoka kumtazama. Alipompigia Waya, Waya akauliza swali moja tu: ulibadilisha neno la siri la ruta, kama nilivyokuandikia? Mkunga akageuza karatasi. Upande wa pili kulikuwa na hatua nne ambazo hakuwa ameziona.

"Mlango umeufunga, ufunguo umemwachia mhuni," Waya akasema. "Sasa irudishe ruta ilivyotoka kiwandani, halafu badilisha neno la siri, weka programu yake mpya, funga njia ya kuingilia kutoka nje. Lakini kabla hujabonyeza kile kitundu cha nyuma, hakikisha una..."

Mkunga alikuwa ameshakibonyeza. Tangu aliposikia neno "kiwandani" alikuwa ameshika pini ya nywele, na pini ilikuwa ndani ya kitundu.

Taa zote za ruta zikazima, zikawaka, na moja ikabaki nyekundu. Hongera zilikuwa zimekwisha, na intaneti nayo imekwisha. Alichotaka kusema Waya ni kwamba kampuni huwa inatoa jina la mteja na namba ya kuunganishia, na bila hizo ruta inabaki kisanduku tu. Mkunga akawapigia kampuni. Moja, nne, kinanda. Ilikuwa saa nne. Saa tano kinanda kilikuwa bado kinasahau kinachotaka kusema. Alijiambia kwamba ikifika saa tisa ataenda mjini kutafuta kompyuta ya kulipia, akaandike neno lake la siri kwenye mashine ya watu, liwalo na liwe.

"Fundi wa kampuni alipokuja kufunga hicho kitu," mzee akauliza, "aliacha karatasi?"

"Karatasi gani, baba. Miaka miwili iliyopita."

Mzee akaingia chumbani. Zilisikika droo zikivutwa. Akarudi na jalada la kahawia lililoandikwa kwa kalamu ya wino, MAWASILIANO, na ndani yake, kati ya risiti ya antena na dhamana ya redio, kulikuwa na karatasi ya njano yenye mwandiko wa fundi.

"Mumeo angeitupa," akasema. "Nikaichukua."

Wakaketi bega kwa bega mbele ya kompyuta. Mzee alivaa miwani akasoma tarakimu moja moja, kama alivyokuwa akimsomea msaidizi wake porini, na mkunga akaandika. Mara mbili walikosea. Mara ya tatu taa nyekundu ikafikiri, ikawa kijani. Mkunga akaweka neno jipya la siri, refu, ambalo mzee alidai aruhusiwe kuchagua nusu yake. Wakaweka programu mpya. Wakafunga njia ya nje. Kinanda bado kilikuwa kinapiga begani mwake, akakikata.

"Hapa chini kuna maneno mengine," mzee akasema, akiisogeza karatasi ya njano kwenye mwanga. "Mteja ameelezwa abadilishe neno la siri la ruta siku hiyo hiyo. Na sahihi." Akaitazama sahihi vizuri. "Ya mumeo."

Mkunga akaichukua, akaisoma mwenyewe, na kicheko kikamtoka, cha kwanza tangu Jumatatu, kibaya, cha puani, kilichokaribia kilio. Mzee akamwacha mpaka kikaisha.

Saa nane na dakika ishirini fomu ilikubaliwa. "Ombi lako limepokelewa," baraza likasema, kwa herufi ndogo za kijivu.

Akafunga kompyuta. "Baba, Jumanne nilikukosea."

"Ulinikosea," mzee akasema. Hakusema haidhuru, na mkunga alishukuru kwamba hakusema. "Lakini na mimi nilijua kuna kasoro wiki tatu nzima, nikanyamaza kwa aibu. Ningesema siku ya kwanza, picha zako za watoto zingekuwepo. Hilo nalo nimekaa nalo chumbani."

Mkunga akaitikia kwa kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli, akaikunja karatasi ya njano na kuirudisha ndani ya jalada.

Kisha mzee akaitoa simu yake mfukoni, akaishika mbali na uso, mkono umenyooka, tayari kuigeuza, akafungua gazeti. Lilijivuta. Likatokea tangazo la magodoro, na chini yake habari. Akaisogeza simu karibu kidogo kidogo.

"Wanasema wataanza kuchimba mfereji mpya wa maji ya mvua," akasema baada ya muda. "Upande wa mashariki." Akasoma tena, akakunja uso. "Mashariki? Maji yatapandaje mlima? Nani amewapimia hawa?"

Na akaendelea kugombana na gazeti, kwa sauti, mpaka jioni.